Hesabuni kwa Kiingereza

Andika, Mina. Andika tarehe juu kulia kama kwenye barua ya kazi, Jumatano tarehe tisa Septemba, mwaka tisini na nane, halafu chini yake andika kwamba haya ni maneno ya Teodora Shimba, mjane wa Elias, akiwa na akili zake zote, amelala kitanda cha dirishani wodi ya wazazi, na anayeyaandika ni mdogo wake wa tumbo moja, Wilhelmina Shimba. Andika ninavyosema. Usinirekebishe Kiswahili, utanirekebisha nikipona. Na usilie juu ya karatasi, wino wa kalamu hiyo unatiririka, naujua, niliinunua mwenyewe.

Wosia ni kitu cha wazee, najua. Baba yetu kule Magu ana miaka sabini na hajatoa wake, na mimi mwenye ishirini na saba ndiye ninayekukalisha kwenye stuli ya hospitali na kukuambia andika, lakini daktari alikuja asubuhi akasema kondo la mtoto limekaa chini, limeziba mlango, mtoto hana pa kupitia, na damu hii inayotoka haitasimama yenyewe, kwa hiyo watanipasua leo, wakimtoa tu yule aliyeko ndani zamu ya kuokolewa ni yangu, na nilipomuuliza, daktari, nitaamka? akanijibu kwa Kiingereza. Alianza vizuri kwa Kiswahili, Mina, hapo tu ndipo akahama. Mimi kazi yangu ni Kiingereza, namjua mtu anayehamia huko kwa sababu ya neno na namjua anayehamia huko kujificha.

Naogopa. Hilo nalo liandike, lisifutwe. Lakini nikinyamaza naogopa zaidi, kwa hiyo nitasema na wewe utaandika, na ile chupa juu ya kichwa changu iendelee kudondosha. Damu yako hiyo. Umelala dakika chache wakakutoa, umeamka umekunywa chai ya nesi, sasa unaitazama inaingia kwangu. Na hukuniandikia ankara. Cheka basi, nimekutania.

Sasa nisikilizeni, ninyi watatu. Wewe Mina. Na Milembe mwanangu, ambaye yuko kwa jirani yetu Mama Roza na anaamini nimekuja huku mlimani kununua mtoto, amenipa na sarafu ya kuongezea, iko kwenye pochi, mrudishie. Na wewe uliyemo humu ndani unayepiga mateke wakati mama yako anazungumza, nawe unahusika. Jambo langu ni moja. Nisipoamka, Milembe na huyu mdogo wakae kwa Mina, wasipelekwe Sengerema kwa ndugu za baba yao, na wapate kula kwa kazi yetu ya kutafsiri. Kazi ipo, inatosha watu watatu wasiopenda makuu. Ila kazi hii, Mina, haitakulisha wewe wala wao, kwa sababu unajua kutafsiri na hujui kudai. Usiniangalie hivyo. Mwaka jana nilikutuma kwenye lile shirika la visima ukachukue malipo ya ripoti yao, ripoti nzima nimeipiga chapa vidole vimevimba, ukarudi jioni na kalenda. Nikakuuliza, pesa? Ukasema, dada, wamenikaribisha vizuri sana, wamenipa na soda. Soda gani? Ukasema Fanta. Nilicheka siku ile kwa sababu nilikuwa na mume anayelipwa, lakini leo sicheki, leo nataka uelewe kwamba ile Fanta ilikuwa uji wa mtu.

Andika mali. Taipureta ni yako, herufi ya h inaruka, kwa hiyo ukiandika hundi soma tena isije ikatoka undi. Kamusi isiyo na jalada ni yako. Karatasi zilizobaki, na zile za kaboni ambazo bado zina nguvu, ziko chini ya godoro zisikunjwe. Kitanda ni cha Milembe. Baiskeli na redio usizitafute, shemeji Maige alizichukua arobaini ya Elias ilipokwisha, akasema ni vitu vya ndugu yake, na taipureta akaiacha kwa kuwa hakujua inauzwa bei gani. Tumshukuru Mungu kwa asichokijua Maige. Hilo la mwisho usiandike. Umeliandika? Haya, acha.

Na muhuri. Muhuri ni wako kuliko vyote.

Milembe, siku utakayosoma haya ujue muhuri wa mama yako ulitokeaje, maana watu wazima watakucheka na inafaa uwe na jibu. Nilipoanza kazi hii, mashirika yalikuwa yanafunguliwa kila mtaa wa Nyamagana, na viwanda vya minofu vinajengwa ufukweni, na wazungu wa dhahabu wanapita kwenda Geita, kila mmoja ana karatasi ya Kiingereza ambayo lazima mtu wa hapa aisome, mimi na kidato changu cha nne na Kiingereza nilichofundishwa na masista nikasema hapa pana ugali. Lakini nikipeleka ankara ofisini naambiwa, mama, muhuri uko wapi? Bila muhuri hii ni karatasi ya kufungia karanga. Nikaenda kwa fundi mihuri anayekaa nje ya posta, anachonga kwa wembe kwenye mpira wa ndala, nikamwambia nataka jina langu, na huduma ya tafsiri, na sanduku la posta, na Mwanza. Akaniambia yeye anatoza kwa herufi. Nikahesabu shilingi mkononi, Teodora peke yake ni herufi saba, nikamwambia basi acha jina, chonga huduma tu. Nilipokwenda kuuchukua, akaugonga kwenye karatasi, nikasoma: HUDUMA YA TAFSILI. Nikapandisha sauti palepale, watu wanapita. Fundi, umeniharibia! Akasema, dada, umesema tafsili, nimechonga tafsili. Nikamwambia, mimi siwezi kukosea kazi yangu mwenyewe, mimi nimesema tafsili! Na nikajisikia. Watu waliokuwa wananunua stempu walijisikia raha siku ile. Ulimi wetu sisi wa Magu, ukiuacha peke yake, unarudi nyumbani.

Sikuwa na pesa ya kuchonga mwingine. Nikaugonga hivyo hivyo kwenye ankara ya kwanza, na ya pili, na kufikia mwisho wa mwaka ofisi zote zilikuwa zinasema, mpelekeeni yule mama wa Tafsili. Baadaye nikalikuta neno lenyewe kwenye kamusi, lipo, maana yake ni kueleza jambo kwa kina hadi lieleweke, nikasema kumbe fundi amenibadilishia herufi kwa nzuri zaidi bila kunitoza. Kwa hiyo Mina, usiubadilishe. Hauna jina langu. Siku ile niliona ni umaskini, na leo ndiyo sababu unaweza kuurithi bila kwenda kwa mtu yeyote kuomba. Ni ndala tu, lakini wanaujua.

Nesi amesema nini? Bado. Haya.

Sasa namna ya kuhesabu, na hapa andika polepole, hapa ndipo watoto wanakula au wanalala na njaa. Mteja akikuletea Kiingereza akitaka Kiswahili, hesabu maneno ya Kiingereza. Akikuletea Kiswahili akitaka Kiingereza, hesabu maneno ya Kiingereza vilevile, yale uliyoyatoa wewe. Daima Kiingereza. Kwa nini, tazama: sitakuja. Neno moja hilo. Likiwa Kiingereza linakuwa maneno manne. Sisi lugha yetu inabeba mtu, na wakati, na kukataa, na safari yenyewe, vyote ndani ya neno moja, kama mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani na mzigo wa kuni kwapani, halafu anakuja mtu anasema, namwona mtu mmoja tu, nitamlipia nauli ya mmoja. Mimi nilikosea hivyo mwaka mzima wa mwanzo. Nilihesabu Kiswahili changu nikiona ndiyo uaminifu, nahesabu nilichokifanya kwa mkono wangu, na kila kazi karibu robo inabaki kwa mwenye ofisi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia, mama, unajipunja.

Aliyenifungua macho ni mzee Chenge, na hakutaka kunifungua, alitaka kuyafumba. Wewe unamfahamu kwa sifa tu, ni mhasibu wa kile kiwanda cha minofu cha kule ufukweni, yule wa miwani ya kamba, ambaye hata meneja anamwogopa. Wanunuzi wa Ulaya walipokataa samaki wa ziwa letu wakasema kwanza usafi, kiwanda kikataka kitabu cha kanuni za usafi kiwe cha Kiswahili ili wakata minofu wasome wenyewe, nikapewa sura za mwanzo nijaribiwe. Safari hiyo, kwa haraka tu, nikahesabu Kiingereza. Chenge akaishika ankara kama anashika samaki aliyelala juani.

“Mama Milembe, haya maneno uliyohesabu ni ya nani?”

“Shikamoo mzee. Ni ya Kiingereza.”

“Marahaba. Mimi Kiingereza ninacho, kilikuja na kitabu. Nimenunua Kiswahili. Nihesabie nilichonunua.”

Nikaanza, samahani mzee, halafu dirishani kwake nikaona lori la samaki linaingia getini, wanapima, nikamwambia, mzee, yule sangara mnamlipa mvuvi kwa kilo za samaki mzima au mnasubiri hadi atoke minofu ndipo mpime? Akatazama nje. Akasema mzima. Nikasema, na kichwa? Na kichwa. Na mifupa? Na mifupa, akaanza kutabasamu. Nikasema basi mimi nimepokea samaki mzima, mkubwa, ana miiba, nimemsafisha mwenyewe, wewe nimekuletea minofu mitupu, nilipe kwa kilo za getini. Alicheka hadi miwani ikaanguka ikaning'inia kwenye kamba. Akasema, “Na mapanki yako wapi, mama? Sangara akikatwa minofu hubaki mapanki, kichwa na mifupa, ya kwako umeyapeleka wapi?” Nikamwambia yako kichwani, mzee, ndiyo maana kinaniuma. Akasaini. Na kwa utani wake akaamuru nipewe na kiroba cha mapanki ya kweli, tukakaanga mtaa mzima, unakumbuka, ndiyo siku ile Mama Roza aliyosema kazi ya kusoma ina mafuta.

Nakusimulia hili si kwa kujisifu. Nakusimulia kwa sababu hicho kitabu kimekwisha, umekimaliza wewe Jumapili, sura za mwisho zote ni mkono wako, na kimeshapokelewa kiwandani na ankara haijaandikwa. Maneno elfu tisa ya Kiingereza, shilingi thelathini kwa neno, laki mbili na sabini elfu, utoe tisini elfu walizotanguliza, inabaki laki moja na themanini. Hiyo ndiyo pesa ya maziwa ya huyu ikiwa mimi sitakuwa na maziwa. Mkurugenzi wao anasaini hundi Ijumaa, na Ijumaa ni keshokutwa, halafu anasafiri hadi mwezi ujao, kwa hiyo iko mezani kwa Chenge kesho asubuhi au haiko.

Andika ankara hivi. Juu, jina la kiwanda na sanduku lao, halafu kazi ni nini, kwa maneno ambayo hata aliyeajiriwa jana ataelewa. Idadi. Bei ya neno. Jumla. Kilichotangulizwa. Kinachobaki, kwa tarakimu na kwa maneno, maana tarakimu mtu anaweza kuikata mguu. Ilipwe ndani ya siku saba. Atakuuliza namba ya VAT, ile kodi mpya ya mwezi wa saba, usibabaike kama mimi nilivyobabaika, mwambie biashara yetu ni ndogo haijafikia kiwango, ataipitisha. Usiandike kwamba unaomba. Usiandike unadai vilevile. Nimewahi kumwandikia mzee mmoja wa ofisi, “nakudai”, akaniita akasimama kabisa, “Mimi? Unanidai mimi? Kwani nimekukopa?” ikawa kesi ya adabu na pesa ikalala huko. Andika, kiasi cha kulipwa ni hiki. Kwisha. Na mtu asikuambie ni ya soda, wala ya chai, wala ya nauli, wala asante kidogo. Ukikubali iitwe soda, utapewa soda.

Na chini kabisa, hundi iandikwe kwa jina la Wilhelmina Shimba.

Usitikise kichwa. Kwa jina lako. Ukiweka langu na mimi nisipoamka, hundi inakuwa ya marehemu, benki watakurudisha, utaambiwa uende mahakamani na barua ya msimamizi wa mirathi, na msimamizi watasema ni shemeji Maige kwa kuwa ni mwanamume na ni mkubwa, itazunguka hadi huyu mtoto atembee. Hatumwibii mtu. Nusu ya kitabu umeitafsiri wewe kabisa, na nusu yangu nakupa hapa mbele ya nesi, nesi umesikia? Amesikia. Andika kwamba nesi amesikia.

Nipe maji ya kulowesha mdomo. Najua siruhusiwi kumeza.

Sasa Maige. Simchukii, nataka watoto walikute hili limeandikwa. Mvua zile za El Nino zilipokata barabara na lori la Elias likapinduka kwenye tope, ni Maige aliyetembea kwa miguu toka Busisi kuufuata mwili wa ndugu yake, viatu mkononi, alikuja nao amelia hadi sauti imekwisha. Ana ng'ombe, ana moyo, ana wake wawili wazuri. Ila msibani alisimama mbele ya watu akasema watoto ni wa ukoo, huyu wa tumboni naye akizaliwa tutakuja kuwachukua wote, kwani si ng'ombe walitolewa? Baba yetu hakugombana. Alikaa, akatafuta fimbo yake, halafu akauliza kwa upole kabisa, “Walitolewa wangapi?” Kwa sababu yalikuwa makubaliano ya mahari ya ng'ombe kumi, na waliofika Magu ni wanne, na baba anawajua hadi leo, yule mwekundu mwenye baka, yule asiye na pembe, wote. Elias alikuwa anasema sita wanakuja, wanakuja, masikini, alikuwa anaweka akiba kweli. “Na hawa sita watafika lini?” baba akamuuliza Maige. Kikao kikaishia hapo.

Kwa hiyo, Mina, utaandika ankara mbili, si moja. Ya pili ni ya shemeji Maige, Sengerema. Iandike kwa adabu, salamu kwanza, uwaulizie wake zake na mifugo, halafu andika: ng'ombe sita, hawajafika. Gonga muhuri, tafsili kabisa. Lakini hiyo, kinyume na yote niliyokufundisha leo, usiiwekee tarehe ya kulipa. Usiifuatilie. Usimkumbushe. Nimekwambia kila ankara itafutwe hadi mlangoni, hii ndiyo ya pekee ya kuachwa ilale, kwa sababu ng'ombe wakifika wote kumi atakuwa na neno la kusema, na wasipofika watoto ni wa kwa Shimba, na kila mzee wa Kisukuma, awe upande wake au wetu, atakubali hivyo akiwa amekaa au amesimama. Akija kuwachukua, mkaribishe, mpikie, mpe nakala. Likizo watoto waende kwake wakanywe maziwa wamjue baba yao mkubwa, wavuke na kivuko, wakae, warudi. Warudi, Mina. Uwafuate mwenyewe siku ya kurudi.

Madeni yangu ni mawili. Sukari na sabuni kwa Mama Roza, yeye anakumbuka, lipa atakachosema bila kubishana, hajawahi kuzidisha. Na karatasi za kaboni dukani nyuma ya soko. Yalipwe kabla hujanunua chochote, hata kanga ya msiba. Na kuna kazi ambazo hazina ankara. Mtu akikuletea barua ya msiba, msomee. Mama akija na karatasi ya hospitali ya mtoto wake iliyoandikwa Kiingereza, msomee yote, taratibu, hadi aelewe, usihamie Kiingereza ukifika pale pabaya. Hayo ndiyo malipo ya sisi kupata kusoma.

Nikifa nizikeni mahali ambapo nauli yenu inafika. Msikopeshwe jeneza.

Nasikia magurudumu. Ni yetu? Si yetu bado. Inuka, Mina. Weka kalamu kidogo... hapana, shika kalamu, simama nayo. Toka hapo mlangoni, halafu uingie. Mimi ni mzee Chenge. Ingia. Sauti yako haisikiki, ofisi ile ina feni. Haya, marahaba, mama, nikusaidie nini? ... Umesema samahani. Kwa nini unaniomba samahani, umenikanyaga? Toka nje, uingie upya.

Marahaba. Eti dada yako amelazwa, pole, basi tutazungumza akitoka. ... Usiinamishe kichwa hapo, hapo ndipo anapokupima. Mwambie asante mzee, ankara ni hii. Enhe. Hii ni kubwa, mbona kubwa, maneno ya nani haya? ... Ndiyo. Samaki mzima. Usicheke kabla yake. Kiasi gani kimebaki? Sema. Sema kwa maneno.

Tena, bila “kama inawezekana”.

Tena.

Hivyo. Hivyo, mdogo wangu. Hiyo ndiyo sauti. Hata yule mama wa kitanda cha tatu amegeuka kukutazama, ungekuwa Ijumaa angekulipa yeye.

Kaa sasa. Miguu yangu imekuwa baridi, inashangaza, na jua liko dirishani. Nesi amenichoma sindano ya usingizi wa mwanzo, ulimi unakuwa mzito, usije ukaandika l mahali pa r ukasema ndivyo nilivyosema. Andika jina. Mtoto akiwa wa kiume ni Elias. Akiwa wa kike Milembe amchagulie, yeye ndiye aliyetoa sarafu.

Ndio hao. Ndio wenyewe sasa. Ngojeni, kaka, mnisogeze polepole, damu isikatike, ni ya mdogo wangu.

Milembe, mayu, mama yangu wewe, Mungu akukuze uwe mrefu. Usome. Usiogope watu wenye mihuri. Mdogo wako umbebe. Mina, nimekubariki, mikono yako na... na hiyo kalamu. Ipate kazi. Walipe. Wakulipe kwa wakati. Watoto wasikie kila siku mlango unafunguliwa na wewe ndiye... ndiye unayeingia.

Bado unaandika? Mina? Andika moja, peke yake, mstari wake.

Nitawaona.

Neno moja hilo, najua, ni dogo, linaonekana dogo. Lihesabuni... lihesabuni kwa Kiingereza.